Kigurudumu Kilicholegea

Jumatatu, 4 Machi

Sisimizi, mjukuu wangu, kaomba kisu. Cha nini? Cha kukatia maboksi, bibi. Mwalimu kasema kila mtoto aunde mashine, Ijumaa waonyeshe wazazi. Yeye ataunda winchi ya kunyanyua kilo ya sukari! Nikamwambia, mke mwenzangu, kilo ya sukari hata wewe mwenyewe huiwezi. Akacheka. Akacheka! Tangu tumzike mama yake sijayaona meno ya mtoto huyu.

Jumatano, 6 Machi

Sebule imekuwa karakana. Vijiti, waya, gundi hadi kwenye mto wangu. Nimefoka mpaka koo limekauka. Juu ya winchi kaweka kigurudumu cha uzi wa bluu, kile kilichobaki kwenye cherehani ya marehemu mwanangu, mama yake. Uzi wenyewe kausokota mara nne, ndio kamba. Nilitaka kumnyang'anya. Nikameza mate. Anaongea hata chakula kikiwa mdomoni, nami namwacha.

Alhamisi, 7 Machi

Kaenda shule, nimeikagua winchi. Kazi safi, ila kigurudumu kinalegalega kama jino bovu. Aibu gani hiyo! Watasema hana mkubwa nyumbani. Nimepika gundi ya unga, nzito, nikakigandisha. Sasa hakitikisiki. Sijamwambia. Atajionea kuwa bibi yake si wa bure.

Ijumaa, 8 Machi

Nilivaa gauni langu jipya, nikakaa mbele kabisa.

Kazungusha mpini. Wapi! Kazungusha kwa nguvu — uzi ukakatika, ta! Sukari pale pale. Watoto wakaangua kicheko.

Hakulia. Kagusa kigurudumu, kanusa kidole, kaniangalia.

— Bibi, kilitakiwa kilegee.

Kabeba winchi yake, katangulia nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Hajala.

Nimelowesha kigurudumu kwa maji ya moto, nachokonoa gundi kwa sindano. Mkono huu mjuaji! Mama yake nilimfanyia hivi hivi. Kila alichoshona, nilikifumua nikakishona upya. Hakuniambia niache hata siku moja. Nilidhani anashukuru.

Kimezunguka kidogo. Uzi nimeuunga, lakini fundo linakwama.

Nimesema kwa sauti, nisamehe. Mdomo huu haujalizoea neno hilo.

Sisimizi kasimama mlangoni. Haingii. Haondoki. Sindano nimeiweka mezani, upande wake. Naandika ili nisimtazame —