Bakuli la Da Zuwena

Mjini Ibra, Jumanne, baada ya Maghrib

Bado nna hasira na Maryam wa darasa la kumi.

Nawaeleza wasichana kuwa vyungu vya udongo wa kusini mwa Misri vimekutwa kaskazini, vya kabla hata ya mafirauni, kwa hivyo watu wale walikuwa wakiendeana na kupelekeana vitu. Yeye akanyoosha mkono, akaniita kama wanavyotuita walimu wa kike: "Abla, pengine mtu kaazima chungu, hajakirejesha." Darasa zima likacheka. Nikamkemea kwa ukali asioustahili.

Nimerudi nyumbani, nafungua kabati nitoe sahani yangu, nikaliona bakuli la udongo la dada yangu, Da Zuwena. Alikuja nalo kutoka kwake Bahla, mji wa wafinyanzi, Idi iliyopita, limejaa visheti, siku ile tuliyogombana. Kwetu humrejeshei mtu chombo kitupu, basi kila Ijumaa najiambia nitapika kitu nimpelekee. Sipiki. Naogopa atalipokea mlangoni, asinambie karibu.

Iko siku watachimba hapa, walikute bakuli la udongo wa Bahla ndani ya nyumba ya huku Ibra. Na mwalimu kama mimi atawaambia wanafunzi wake kuwa ndugu hawa walikuwa hawaishi kutembeleana.