Usimwambie Domina Kabla ya Usaili

Mjimwema,
Songea.
9 Machi, 2025.

Mpendwa shemeji Getruda,

Tumsifu Yesu Kristo. Baada ya salamu hiyo naomba kujua hali yako, hasa mguu uliofanyiwa upasuaji. Je, unaukanyagia sasa bila mkongojo? Na mumeo Leo, kifua kimempa nafuu? Sisi huku tu wazima wa mwili, mvua ni nyingi, na mahindi yamesimama vizuri.

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu tulipomzika dada yako Lukresia mwezi wa Novemba, sijakuandikia hata mstari mmoja wa kushukuru rambirambi zenu, nawe ulikuwa kitandani huko ukimlilia mbali na kaburi. Kila nilipoanza barua nilifika kwenye jina lake, nikaiweka kalamu chini. Nisamehe, shemeji.

Kinachonilazimu kuandika leo ni habari ya mjukuu wetu Domina, ambaye mama yake alituachia alipoolewa Namasakata, dada yako akamlea kama mtoto wa tumbo lake. Kama ujuavyo, wiki ijayo atafikia kwako kwa ajili ya usaili katika ile kampuni ya wakala wa ajira, wale wanaowatafutia waajiri wafanyakazi. Akifaulu, naye atakuwa anawasaili watu na kuwapa majibu.

Tumekuwa tukimwandaa hapa sebuleni. Jirani yetu Dorine, aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo Dodoma, ndiye mwalimu. Mimi nilipewa cheo cha meneja, nikavaa koti langu la kanisani. Siku ya kwanza Domina aliingia, akapiga goti, akaniamkia, akabaki palepale akitazama sakafu kama alivyofundishwa na bibi yake. Dorine akamwomba ajieleze. Akaanza kutaja ukoo: babu ni nani, bibi alitoka wapi, mjomba yuko Namtumbo.

“Wee Domina!” Dorine akamkatiza. “Hao hawaji kukuposa, wanataka kukuajiri! Sema unaweza nini.”

“Sasa dada Dorine, nijisifu mbele ya babu?”

“Huyo si babu. Ni meneja.”

“Meneja gani kavaa kandambili?”

Tulicheka, shemeji, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikajisahau nikamjibia, nikisema binti huyu ni mwaminifu na kompyuta anaijua. Dorine akanigeukia: “Kwani anayeomba kazi ni wewe, babu?”

Imekuwa vigumu kumwachisha adabu ambayo Lukresia alimpa kwa mapenzi makubwa. Nilimsihi anitazame machoni. Alipoweza hatimaye, ni mimi niliyegeukia dirishani, kwa maana macho yale ni ya dada yako.

Jioni moja Dorine alimuuliza: mtu amekosa kazi aliyokuwa anaitegemea, utamwambiaje? Domina akavuta kiti kilichokuwa pembeni.

“Nitamkalisha kwanza,” akasema. “Sisi habari za bibi tuliambiwa tumesimama koridoni hospitalini, watu wanapita na ndoo. Mtu asiambiwe jambo kama hilo amesimama.”

Dorine akalifunga somo la jioni ile palepale. Nami nilitambua kwamba kazi hiyo inamfaa, na kwamba ataondoka.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, nalo ni zito. Mwanzoni Domina alikataa kabisa safari hii, akisema hawezi kuniacha peke yangu. Nikamtuliza kwamba mpwa wangu Valence wa Namtumbo atahamia hapa. Nilisema hivyo kwa sababu Valence mwenyewe aliniahidi. Lakini juzi alinipigia simu, Domina akiwa sokoni: mkewe anaumwa, tumbaku imejaa mabanini inakokaushwa, hawezi kuja. Simlaumu. Ila sijamwambia Domina, kwani akijua atafungua begi lake siku hiyohiyo, na nafasi hii haitamrudia.

Valence anaweza kukupigia wewe pia; nakusihi, shemeji, usimwambie Domina kabla ya usaili. Akishatoka huko, nitamweleza mwenyewe na kumwomba msamaha. Najua ni Kwaresima, na kunyamaza huku kunanielemea. Ningekupigia simu badala ya kuandika, lakini namba za simu ni ndogo mno, sizioni tena. Domina ndiye anayenibonyezea.

Usiwe na hofu juu yangu. Uji naupika, na Dorine ameahidi kuniletea mboga. Kinachonitisha ni sala ya Malaika wa Bwana. Tangu ujana wangu nimekuwa nikianza, na mtu mwingine akiitikia: kwanza Lukresia, sasa Domina. Jana nilijaribu kuanza na kuitikia mwenyewe. Sikufika mwisho.

Nisalimie Leo, na watoto Jane na Jordan. Mungu auimarishe mguu wako, na siku moja akulete Songea nikuonyeshe mahali alipolala dada yako.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Fidelisi.

Tanbihi: Barua hii inaletwa na Sista Ekaristia wa parokia yetu, anayetangulia kuja huko kesho alfajiri. Domina aliomba aibebe mwenyewe. Nikamjibu kwamba bado sijamaliza kuandika.