Mpira wa Juu ya Tangi

Nyuma ya Butiama, 4 Machi 2024

Babu, mume mwenzangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mgonjwa ni gari yako. Magoti yanaendeleaje? Na mke wangu uliyemfungia hapo Makoko, bado anakupikia vizuri au ameshaanza kunikumbuka mimi kijana? Simu huisikii, injini zimekula masikio zikakuachia mdomo tu, ndiyo maana nampa Renatus, kondakta wa basi, hii karatasi.

Gari inazimazima. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa. Ikifika mlimani inakohoa, inalala. Nikipampu kwa mkono pale juu ya chujio inaamka, inakwenda kidogo, inalala tena. Chujio nimebadilisha. Chini nimetandika gunia kavu, mpaka kunakucha hakuna hata tone la dizeli. Kwa hiyo mipira ya mafuta ni mizima, usianze habari ya mipira. Shule niliishia darasa la sita lakini macho ninayo.

Nisingekusumbua bure. Ni Prudence wa dada Wankyo. Selimundu yake unaijua: baridi ya mvua ikimkamata, viungo vinamuuma mpaka anang'ata shuka, na damu inamwishia mwilini. Zahanati ya hapa haina damu, wanakuandikia uende Musoma, wanakupa pole. Mvua zimeanza. Toka kwetu mpaka kwenye lami ya Butiama ni tope tupu, bodaboda wamegoma kuingia. Imebaki gari yako tu. Nipe dawa ya haraka.

Mjukuu wako,
Matiko


Makoko, Musoma, 8 Machi 2024

Matiko,

Marahaba. Magoti yananifikisha chooni, yanatosha. Bibi yako anasema mume wa kweli huwa anatuma sukari, si maneno.

Umetandika gunia ukangoja tone, na hapo ndipo umepotea. Pampu iko mbele, tangi iko nyuma. Pampu inavuta mafuta kama wazee wanavyovutaga pombe ya chungu kwa mrija. Mrija ukipasuka huku juu, pombe haimwagiki. Mzee anavuta hewa. Gari yako inakunywa hewa.

Mipira hiyo niliifunga kabla mama yako hajaolewa. Ikunje uone nyufa. Badilisha yote: wa juu ya tangi, wa kuingia kwenye chujio, wa kutoka chujio kwenda pampu, na wa kurudishia. Nenda Bunda kwa Abdulnasir muuza vipuri, mwambie mpira wa dizeli. Wa maji usipokee, wa gesi usipokee. Funga kwa vibano vipya. Wa juu ya tangi ndio mbaya kuliko wote, na ndio utakaouonea uvivu, maana lazima tangi ishuke. Usiuache.

Wankyo amvalishe mtoto soksi, ampe maji kila mara.

Babu yako,
Nyamhanga


Nyuma ya Butiama, 15 Machi 2024

Babu,

Shikamoo tena, mzee wa mirija. Habari za Makoko? Huku kwetu Prudence amecheza leo, amenipiga na mwiko, ujue ni mzima.

Sasa kaa vizuri nikupe ripoti. Bunda nilikwenda. Abdulnasir aliponiona akauliza fundi yuko wapi, nikamwambia unaongea naye. Mipira nimefunga ya mbele yote, na wa kurudishia. Ile ya zamani ilikuwa inakatika kama biskuti, hapo nimekuvulia kofia. Kipande kirefu cha mpira mpya kimebaki.

Wa juu ya tangi nimeupapasa kwa mkono nikiwa nimelala chini. Tangi imejaa, na mimi sina jeki ya maana. Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia hapo juu, nikakaza mpaka meno yakauma. Huku kwetu mpira wa baiskeli unashika jembe, unashika ndoo, unashika mpaka mlango wa kanisa. Utashindwa na kabomba? Gari imepanda mlima kama mbuzi. Wankyo amecheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nadhani ufundi umehama Makoko.

Fundi mkuu wa ukoo,
mjukuu wako Matiko


Makoko, 18 Machi 2024

Matiko,

Hatujambo. Nimeisoma yako nikakosa raha.

Mpira wa baiskeli haupatani na dizeli. Ukilowa unavimba, unalegea kama utumbo, na ufa unabaki wazi. Utakwenda leo, utakwenda kesho, halafu utakuacha porini. Nyonya mafuta yote uyatie kwenye madumu, tangi iwe nyepesi, uishushe. Omba watu wakusaidie kuishika. Fanya leo.

Nijibu kwa Renatus, hata neno moja.

Babu yako


Makoko, 23 Machi 2024

Matiko,

Renatus amerudi mikono mitupu, na leo tena hivyo hivyo. Sitaki utani. Mtoto hajambo?

Babu


Musoma, hospitali, 24 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Niko mjini kwako. Prudence yuko hai, nimeanza na hilo. Nimemtuma bodaboda kwa sababu Wankyo siwezi kumwacha peke yake.

Barua yako ya mpira wa baiskeli niliipata. Niliisoma nikaitia mfukoni. Gari ilikuwa inapanda mlima, nikasema wazee wanapendaga kutisha watu.

Jana alfajiri mtoto alianza kulia miguu, halafu kifua, halafu macho yakawa ya njano na sauti ikakauka. Tukampakia. Hata lami hatujaiona, gari ikalala. Nikapampu mpaka kiganja kikachubuka. Ikiwaka, inalala. Nikaingia chini: ule mpira wangu umekuwa kama uji. Mvua inanyesha, njia nzima hakuna mtu.

Nikachukua kile kipande cha mpira mpya kilichobaki, nikakichomeka kwenye chujio, upande wa pili nikautumbukiza kwenye dumu la dizeli ya akiba, dumu nikalifunga kwa kamba juu ya paa. Mafuta yakawa yanashuka yenyewe, hayavutwi tena. Injini ikakubali. Lakini kila shimo kamba inateleza, dumu linataka kuanguka. Lazima lishikwe. Tulikuwa wawili tu na mtoto.

Wankyo akakaa dirishani, kiwiliwili nje kwenye mvua, amelikumbatia dumu, miguu ndani. Prudence amelala kwenye kiti, ameshika kifundo cha mguu wa mama yake. Tukaenda hivyo, lami tukaipata, mimi nikaanza kujisifu moyoni. Karibu na Makutano nikamsikia dada huko nje:

"Matiko, ameniachia mguu."

Nikapunguza mwendo.

"Usisimame. Ukisimama inazima."

Nikaendesha kwa mkono mmoja, mwingine nimeuweka kifuani kwa mtoto. Kulikuwa na kapumzi kadogo, kanakuja, kanapotea. Wankyo alikuwa ananiuliza kupitia dirishani, yupo? Nasema yupo. Yupo? Yupo. Mara nyingine nilisema yupo wakati mkono wangu hausikii kitu.

Wamemwekea damu. Ya kwangu pia wameichukua. Leo amefungua macho akaomba maji. Wankyo mikono haikunjuki, lakini kikombe cha mtoto hataki nikishike mimi. Mlete bibi.

Matiko


Nyuma ya Butiama, 12 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Nimefika salama. Magoti pole, ulisimama sana uani kwako nikishusha ile tangi. Prudence anakula? Analala vizuri?

Gari haikohoi tena. Inawaka kwa mguso mmoja, inapanda mlima nayo haijui kama ni mlima. Majirani wananisifu, mimi nawaitikia tu.

Siku naondoka hapo Makoko nilimwomba Wankyo turudi wote, nikamwonyesha kila mpira na kila kibano. Akaviangalia vizuri, hakuwa na hasira. Akasema, "Siwezi kulea mtoto kwa kusikiliza gari, Matiko. Nabaki hapa, hospitali naifikia kwa miguu."

Nguo zao nimezikunja, Renatus atazileta. Mbuzi wake nitamchunga.

Naomba umuulize kama Jumapili naweza kuja kuwaona. Mwambie nitapanda basi.

Mjukuu wako,
Matiko