Paa la Ofisi ya Zamani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Biharamulo, tarehe 19 Machi 1979, saa nne asubuhi.

Jina: Koleta binti Matiasi. Umri: miaka 34. Kabila: Mzinza. Dini: Mkristo. Kazi: karani wa kijiji. Makazi: kata ya Nyabusozi.

Nimeonywa niseme kweli. Nasema niliyoyaona.

Mwezi wa pili, serikali ya kijiji iliamua ofisi yetu ihame kutoka kilimani kwenda barabarani, ambako wanakijiji tulikuwa tumejenga mpya kwa kujitolea. Kuta na kenchi zilikuwa tayari, mabati hayakuwepo. Mwenyekiti wetu, Ndugu Celestini, alinituma nitafute wa kuhamisha vitu. Yeye alitaka lori. Nilikwenda mjini kwa mwenye lori, nikaambiwa limechukuliwa kwa ajili ya vita tangu Desemba. Trekta la kijiji halina matairi, na kuku wanatagia chini ya kiti chake.

Alibaki Mzee Mayunga, Msukuma aliyetoka Shinyanga, mwenye mikokoteni miwili ya ng'ombe. Mwenyekiti alisema serikali haiwezi kuja barabarani na ng'ombe kama mahari. Nikamwambia basi tuibebe kichwani. Akakubali.

Sikumchagua kwa kubahatisha. Niliwauliza wanawake aliowahi kuwahamishia vyombo, wakasema hata chungu hakikupata ufa. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamtajia kabati, meza, viti na mashine ya kuchapa. Aliuliza kama mteremko wa mtoni una tope, na nyumba ya zamani itabaki na nani. Nilimjibu haibaki na mtu. Wakati ule ndivyo nilivyojua.

Tarehe 13 tulifunga vitu. Mashine niliizungushia majani makavu ya migomba mwenyewe, kwa sababu haina mwenzake kata nzima.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa moja asubuhi, Mzee Mayunga alifika na mkewe Ng'washi na majirani zao. Saa nne vitu vyote vilikuwa barabarani. Mzee akaingia ofisi mpya, akatazama juu, akaona mawingu.

"Mama karani, paa liko wapi?"

"Mabati tumeahidiwa, mzee."

"Mwaka wa Operesheni nasi tuliahidiwa."

Akageuza ng'ombe, akarudi kilimani kuezua mabati ya ofisi ya zamani.

Hapa naomba nieleweke. Huku kwetu mtu akihama, anahama na mlango wake na paa lake. Mwaka 1974, Operesheni ya kutuhamishia vijijini, wengi tulipakiwa upesi tukaacha nyumba zimesimama, na tuliporudi kuchukua paa tulikuta majivu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hakuna aliyeshangaa siku ile. Watu walikuja bila kuitwa. Mimi nilishika ngazi. Mwenyekiti alikuwepo, kazi yake ilikuwa kutukumbusha misumari isipotee.

Saa tisa alasiri sote tulikuwa barabarani tukipigilia mabati. Kumbe saa kumi hivi lori la wilaya lilipanda kilimani kwa njia ya nyuma, likiwa na magunia ya mahindi ya michango kwa ajili ya askari wetu. Dereva aliagizwa ayashushe ofisi ya zamani, akayashusha humo humo bila paa, akaondoka. Usiku mvua ilinyesha.

Asubuhi tuliyakuta yameloa. Mwenyekiti alishika kichwa, akaniambia, "Koleta, niliambiwa wilayani wiki iliyopita kuwa pale patakuwa ghala. Nikasahau kuwaambia." Ng'washi alikuwa kando yangu, alisikia.

Wanawake tuliyaanika siku hiyo yote. Mengi yalipona, mengine yaliota. Mzee Mayunga aliyageuza kwa mikono yake. Mwanawe, Ndassa, yuko vitani. Mahindi yale ni chakula chake pia, kwa hiyo anayesema mzee aliyaharibu kwa makusudi ananikasirisha, na naomba hilo liandikwe.

Tarehe 16 Machi, saa nane mchana, Mwenyekiti aliniita ofisini, akaniamuru nichape kwamba Mayunga aliezua jengo la umma bila idhini na kuhujumu chakula cha askari. Nilimkumbusha aliyoniambia. Akasema, "Chapa." Nikachapa. Mzee alichukuliwa jioni ile.

Karatasi hiyo mnayo hapa. Niliichapa kwa mashine aliyoivusha mtoni bila herufi moja kupinda, chini ya mabati aliyotuletea. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha, na hatukulowa.

Niliyoyajua ni hayo, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Koleta Matiasi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Methusela, na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Nilimuuliza kama maneno ya mvua ni ya lazima katika shauri hili. Alisema ndiyo.