Mbuzi ya Mama Imetulia

Jumanne. Mvua imeipiga Ukunda tangu alfajiri, nguo hazijakauka, na mimi sijui kama nina furaha au kinyongo.

Mama ameshinda.

Alipotoka hospitali nilimchukua kwake Gazi, nikamleta kwangu apate nafuu. Mwanamke aliyekuwa akijaza mlango, jamani, amebaki mifupa na bakora yake. Lakini kukaa bure hawezi. Siku za mwanzo tu akaitoa mbuzi yake ya nazi, akaikalia, akaanza kukuna. Kila akisukuma mkono, mbuzi inateleza kwenye vigae vyangu, na yeye juu yake, mpaka wakagota kwenye friji. Akavilaumu vigae. Nikacheka, kisha nikaingia chumbani nikalia. Mimi nakuna palepale na mbuzi haisogei.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na wiki ile nilikuwa nikiwafundisha Gredi ya Saba habari za kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta. Basi nikamsomesha na Mama. Mkono wako unaisukuma mbuzi, msuguano wa miguu yake na sakafu unaizuia. Anayeikalia akiwa mzito, msuguano unaongezeka. Akiwa mwepesi, au sakafu ikiwa laini, mkono unashinda. Akasikiliza kwa adabu zote, akauliza swali moja tu: "Na chini pakiwa na kitu cha kukwama?" Nikamwambia hapo haitelezi. Mwalimu gani hapendi mwanafunzi anayeuliza?

Tukawekeana ahadi: siku mbuzi itakapotulia chini yake, ndiyo ishara mwili umemrudia, nitamrudisha Gazi mimi mwenyewe, kwa kuku wake na majirani zake. Nikaona nimemweza. Nikawa nampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, huku nikiomba nafuu ije, ila isije haraka. Mungu anisamehe.

Leo nimerudi shule nikamkuta jikoni, anakuna kwa nguvu, mbuzi imetulia tuli. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Nifungie nguo zangu, mwanangu."

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Kisha nikaanza kumkunjia leso zake, mojamoja, nisimalize upesi.

Alipokwenda kuswali nikaiinua mbuzi ili nifagie. Chini ya miguu yake pamefungwa vipande vya mpira wa buluu. Ndara yangu ya bafuni! Siku zote hizi nimeitafuta, nimemsingizia paka wa jirani.

Nilikaa pale sakafuni nikacheka mpaka akanikuta. Hata haya hakuona. "Si wewe uliyenisomesha?" Nikamwambia, Mama, mbuzi imetulia, wewe bado. Kisha akasema polepole kwamba wala si kuku wanaomwita Gazi. Anaogopa kunichosha.

Kunichosha!

Nikamkumbatia, nikaisikia mifupa yake yote mikononi mwangu. Nikamwambia anichoshe tu, ndiyo kazi niliyomletea. Alilia, nami nikalia, halafu akanikumbusha kwamba nazi bado haijaisha kukunwa, watu watakula nini. Amekubali kukaa mpaka mbuzi itulie bila ndara ya mtu.

Sasa amelala. Ile ndara iliyobaki nimeikata, nikamfungia kipande chini ya bakora yake. Vigae hivi vinateleza, na mimi mamangu bado namtaka.