Mama Masika

Jumanne, 1 Oktoba

Joto. Mawese yamekuwa mepesi, nayachuja yanapita kama maji. Nimevaa gauni kuukuu maana doa la mawese halitoki hata ulilaani. Vumbi la soko la Mwanga limeingia mpaka kwenye meno. Wateja wanatazama milima ya upande wa Simbo badala ya kutazama bidhaa. Imechomwa yote, myeusi. Mvua bado.

Mchana wifi yangu Sada alipita kibandani. Tumbo limeshuka. Akakalia ndoo niliyoipindua, akala embe bichi kwa chumvi, akasema Hamisi kaniambia jina la mtoto utatoa wewe. Nikamwambia najua. Kwetu shangazi ndiye mwenye jina la mtoto wa kaka yake. Mimi nilipewa langu na shangazi, Hamisi vilevile. Sikuhitaji kukumbushwa.

Ila ana ombi. Sada ni wa Simbo, na kwao mtoto huitwa kwa kile kilichokuwapo alipozaliwa. Kama ni njaa, njaa. Kama ni safari, safari. Huyu wake atakuja na mvua za kwanza, basi anataka jina la majira haya, ardhi inapofunguka na kila kitu kuchipua. Nikacheka, nikamfungashia chupa ya mawese akaenda zake.

Jina hilo ninalo. Silitoi.

Jumatano, 2 Oktoba

Niliandike, labda nitatulia.

Masika. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia hizi za Oktoba, na wote tunauita masika. Jina lilikuwa la mtoto wetu, mimi na Ramadhani. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulilima Simbo, shamba la kuazima. Mvua ya kwanza ikanyesha, na siku chache baadaye mlima uliokuwa mkaa mtupu ukawa na kijani chembamba, kama nywele za mtoto mchanga. Nilikuwa na mimba. Ramadhani akaegemea jembe akasema tutamwita Masika, awe wa kike awe wa kiume. Mimba ile haikufika mwisho wa mvua zilezile. Nyingine haikuja.

Jina likabaki. Ndani ya nyumba hii ananiita Mama Masika. Nje mimi ni Zena, au shangazi, au mama mawese. Wenzangu wote sokoni ni Mama Fulani, kila mmoja na wake. Mimi ni Mama Masika jioni tu, mlango ukishafungwa. Hakuna mwingine anayejua. Mama yangu kafa hajui.

Basi. Nimeandika. Sijatulia.

Jumapili, 6 Oktoba

Kwa Hamisi. Kaka yangu huyu ni fundi simu, kwa hiyo kila swali la dunia jibu lake liko kwenye kioo. Leo alikuwa anatusomea majina ya watoto wa majira ya machipuko huko Ulaya. Maua tusiyoyajua, moja baada ya jingine, na matamshi yake ya kubahatisha. Nikamuuliza ni ua lipi kati ya hayo lililowahi kuota hapa mtaani Kasingirima. Akazima simu, akanuna.

Mimi nikatoa Rehema. Sada akatikisa kichwa. Neema. Akatikisa. Mwamvua. Akasema Mwamvua ukiita Mwanga wanageuka watano. Kweli wanageuka.

Alikuwa ameninyooshea miguu nimkande, imevimba. Nikaikanda kwa mafuta huku nikimtajia majina niliyojua hatayataka. Ananiamini. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mawingu mchana kutwa. Radi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Halafu hakuna. Nimeyakasirikia mawingu kama watu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mama yake Sada kaja kutoka Simbo kumwuguza bintiye. Bibi mfupi, macho makali. Aliingia na "mwakeye" yake, salamu ya Kiha, akaweka chini mzigo wa mihogo, na kabla hajanywa maji akaanza habari ya jina. Kataja matatu ya kwao. Nikasema yatawashinda kuandika kliniki. La kijinga nililolisema, nesi mwenyewe pale ni Muha.

Bibi hakukasirika. Alikaa anamenya muhogo, anafikiri. Akasema kwao kipindi hiki kina jina lake, lakini nyinyi watu wa mjini mnakiitaje kwa Kiswahili, hiki mvua inapoanza?

Sada akafungua mdomo kujibu. Nikaangusha bakuli.

Bakuli la udongo, zuri, nililowapa mwenyewe siku ya harusi yao. Vipande mpaka chini ya kitanda. Wote wakaanza kuokota, wakasahau swali. Bibi peke yake alikuwa ananitazama mikono.

Jumatano, 16 Oktoba

Nina wivu. Sioni sababu ya kuliita kwa jina jingine. Namwonea wivu Sada tumbo, miguu iliyovimba, hata kutapika kwake kule kwa mwanzoni. Namwonea wivu anavyolalamika.

Ramadhani kaja jioni ananuka petroli, kashinda mwaloni kunakotua boti, na injini iliyogoma. Anavua viatu anasema Mama Masika, leo kuna nini jikoni. Nilitaka kumwambia yote palepale. Nikamwambia kuna maharage.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimewaza hivi. Nikilitoa, Sada atakuwa Mama Masika. Mtaa mzima utamwita hivyo, kisimani, dukani, msikitini upande wa wanawake. Wataniita nikamsaidie Mama Masika kubeba maji. Na mimi jioni nitakuwa nani?

Nisipolitoa, litakufa na sisi wawili. Nina miaka arobaini na mbili. Sijidanganyi tena.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua.

Ilianza baada ya adhuhuri. Upepo kwanza, mabati yakalia, watu wakakimbia na turubai. Mimi nilibaki nje. Harufu ile ya udongo ikapanda, nikafumba macho, nikarudi Simbo moja kwa moja. Ramadhani na jembe lake. Mimi na tumbo langu dogo. Jirani yangu muuza nyanya akanivuta kwa mkono, akaniuliza kama nimepagawa.

Simu ya Hamisi ilipoita nilikuwa bado nachuruzika. Msichana. Kazaliwa mvua ikinyesha. Wote wazima.

Nilifika hospitali na nguo zimenigandia mwilini. Wakanipa kanga kavu kwanza, halafu wakanipa mtoto. Mzito kuliko nilivyodhani. Nywele nyingi. Kafungua jicho moja, kalifunga. Hamisi analia, anajidai ni mafua. Wakasema haya, shangazi, mtaje. Nikasema siku ya saba, haraka ya nini.

Nilitaka kutoka naye mlangoni na kuendelea kutembea. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema popote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Jina hana bado. Wanamwita Mgeni. Mgeni kalia, mgeni kajikojolea.

Leo Sada kalala, bibi yuko uani anawapepeta kumbikumbi mbawa ziwatoke, mtoto akaanza kulia. Nikambeba mpaka mlangoni. Nikamtikisa, nikamwimbia, wapi. Sauti inapanda tu.

Nikasema, "Masika, nyamaza."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo, sauti ya mtu aliyezoea. Mtoto akanyamaza. Sisemi ni muujiza, huenda alikuwa kachoka. Lakini nilikuwa nimeita, na kwa mara ya kwanza aliyeitwa alikuwepo.

Nikageuka. Hakuna aliyesikia. Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia yote hiyo na matope yake, sitaki kuongea na mtu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hamisi kanifuata sokoni. Mbuzi wa akika keshafungwa uani, mwalimu wa madrasa keshaambiwa Jumatatu, jina hakuna. Hakunikaripia. Kasema tu, "Dada, kama kuna kitu tumekukosea, tuambie." Nikamwambia hamna kitu. Nikampa kisogo, nikajifanya napanga madumu.

Jina si langu peke yangu. Lazima nimwambie Ramadhani.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimemwambia. Tunakula, ugali na dagaa. Nimemwambia Sada anataka nini, bibi kauliza nini, bakuli lilivunjikaje. Nikamwambia nilivyomwita mtoto mlangoni naye akanyamaza.

Ramadhani akaacha kula. Akanawa mikono, kidole kimoja kimoja, anavyonawa akiwa na oili. Nilidhani atakasirika. Ningependa akasirike.

Akasema, "Na mimi nitakuita nani?"

Kumbe wakati wote huu nilikuwa namlilia Mama Masika, sikumkumbuka Baba Masika. Hakuna anayemwita hivyo hata jioni. Mimi humwita Rama, basi. Yeye alilibeba jina lile kwa kuniita mimi tu.

Akaenda kusali isha. Aliporudi alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mtoto hana jina," akasema, "na sisi tunalo. Mpe."

Halafu akaomba chai. Nikamtengenezea. Sukari nikaisahau, akainywa hivyohivyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Siku ya saba. Mvua asubuhi, jua baadaye, uani tope. Mtoto kanyolewa, kalia kwa hasira, kichwa chake kidogo kinang'aa. Mwalimu akauliza jina. Hamisi akanitazama. Nikamsogelea mwalimu nikalisema, na sauti haikutetemeka. Nashukuru kwa hilo.

Akalitangaza. Sada akaweka mkono mdomoni, macho yamejaa. Akasema wifi, lilikuwa wapi siku zote hizi? Bibi wa Simbo akacheka kwa furaha, akanishika magoti. Akaninong'oneza, "Niliona ulivyoliachia lile bakuli, mwana wanje, mwanangu. Ulikuwa na chako." Hakuuliza zaidi. Mtu mwema yule, nimemfikiria vibaya wiki mbili nzima.

Pilau ikapakuliwa. Wanawake wamejaa uani, kila mtu anamtuma mwenzake. Mmoja akapaza sauti kutoka kwenye sufuria, Mama Masika, yule anayegawa nyama anaomba sahani.

Nikaitika. Nikainuka kabisa, nimeshapiga hatua, ndipo nikawaona wote wamemgeukia Sada. Nikasema sahani naziendea mimi, mzazi asisumbuliwe. Nikaenda. Nilikaa huko nyuma ya jiko zaidi ya inavyohitajika kuleta sahani.

Ramadhani alikuwa upande wa wanaume. Alimbeba mtoto mara moja. Sikutazama.

Alhamisi, 31 Oktoba

Haniiti. Tangu Jumatatu anasema sikia. Anasema eti. Au anakohoa. Hana kinyongo, analeta samaki, anauliza mgongo unaendeleaje. Lakini anapotaka kuniita anafungua mdomo, anasita, anakohoa.

Nyumba imekuwa ya watu wawili. Nilikuwa sijui kama tulikuwa watatu.

Leo asubuhi nachuja mawese nikamlilia. Si huyu wa Hamisi. Yule wa Simbo. Sikuwahi kumlilia vizuri, kila jioni alikuwa anaitwa, ningemlilia vipi. Nimelia mpaka jirani wa nyanya kanikabidhi leso yake bila kuuliza. Mawese yale yamepita na machungu yake, wateja wamenunua.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kumwogesha. Masika. Nimelisema mbele ya watu kwa sauti ya kawaida. Masika geuka, Masika mguu huo. Sada anasema kwangu hatulii hivyo. Nikamwambia atulie kwako umekuwa shangazi?

Nilicheka. Nimegundua nikiwa njiani kurudi.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua kila siku sasa. Nimeosha nguo, hazikauki. Nimetoka uani jioni kuziangalia, nikaona milima ya upande wa Simbo. Kijani. Sijui ni lini imekuwa kijani, nilikuwa sitazami.

Mtoto kaongezeka. Upara unaanza kuota nywele. Nimekaa naye mchana kutwa, kanilowesha kanga mbili.

Nilikuwa jikoni napuliza moto, kuni zina unyevu, moshi tupu. Nikasikia viatu vya Ramadhani vinakung'utwa tope mlangoni. Nikangoja akohoe. Hakukohoa. Mvua inadondoka kutoka kwenye bati.

"Zena," akasema.

Hajaniita hivyo tangu mwaka ule wa Simbo. Alilisema polepole, kama anayejaribu iwapo bado linamwenea mdomoni. Halafu akalisema tena, vizuri zaidi.

Nikasema abee. Nikafuta mikono, nikatoka kumpokea. Alikuwa kalowa chapachapa, na samaki mkononi, migebuka miwili.