Tairi za Kuazima za Shemeji Zakayo

Shemeji Zakayo,

Watu wakiandika barua huanza na "mpendwa". Nimejaribu, kalamu imekataa. Basi tuanze hivyo hivyo.

Salamu zako zimefika. Mzee Barasa alikuja juzi mpaka hotelini kwangu, akavua kofia, akakaa kwa benchi, akakohoa vya kutosha, ndipo akasema umenunua gari nyingine huko Kitale. Ati Jumapili baada ya kanisa utakuja kumchukua Rebeka na mtoto, muende mkaanze maisha upya. Halafu akaongeza ile uliyomtuma aongeze: "Zakayo anasema msiwe na wasiwasi, gari imepita ukaguzi." Nilikuwa nimeshika birika. Niliiweka chini haraka, nisije nikammwagia mzee wa watu chai ya moto bila kosa.

Ndiyo maana barua hii haina bahasha. Nakala moja Mzee Barasa atakuletea. Nyingine nitaibandika kwa ukuta wa hoteli, hapo wenzako wanapokunywa chai wakingoja ukaguzi. Wasome. Wasiojua kusoma wasomewe, na wakicheka wacheke kwa sauti.

Unakumbuka siku ulileta ile gari ya kwanza kwetu Kiplombe? Mzungu wa Kaptagat alikuwa akiitumia kubebea maziwa na mbwa wake tangu kabla ya vita, na alipoichoka akaona wewe ndiwe mtu wa kuuziwa. Uliingia nayo uani ukipiga honi, nayo honi ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Rebeka akacheka mpaka akashika ukuta. Alivaa kile kitambaa chake cheupe cha kanisani, akapanda mbele, ukamzungusha shambani kwetu kati ya mahindi, mama akipiga vigelegele na mimi nikikimbiza kuku wa kukuchinjia. Nakubali, ilikuwa siku nzuri. Kuchekesha watu ulijua, hilo sikunyimi. Mama alipouliza kama gari si kuukuu sana, ulipiga bodi kwa kofi ukamwambia, "Mama, hii ni chuma ya zamani. Haizeeki."

Haizeeki! Nauza chai na mandazi kando ya uwanja wa ukaguzi hapa Eldoret, Shemeji. Magari ya aina hiyo nayajua kama ninavyojua wateja wasiolipa. Yote yana ugonjwa mmoja. Breki zinavuta upande mmoja tu. Steringi unaizungusha, magurudumu yanapata habari baadaye. Rejeta ya maji inavuja mpaka inazibwa kwa unga wa posho. Taa moja inaangalia barabara, ya pili inaangalia ndege juu ya miti. Hendibreki ni ya kushikilia tu, kama kiti cha mgeni kanisani. Na sakafu! Rebeka alikuwa akiona barabara ikipita katikati ya viatu vyake, na wewe ukatandika gunia juu ya shimo ukasema umetengeneza.

Mtu mwenye akili angetengeneza gari. Nyinyi mkaunda chama. Watu wa haki huunda chama wanunue ng'ombe, au wajenge kanisa. Wewe na Yohana na yule wa kuuza viazi, wenye gari za aina moja, mlichanga mkanunua vifaa vizuri vya gari moja, vitumiwe na gari zote tatu. Tairi, taa, betri, na breki mpya. Vilikaa kwa Yohana ndani ya gunia, vimepakwa mafuta kama mtoto mchanga, na kila tairi Yohana aliipiga alama ya rangi ya bluu kwa sababu hamkuaminiana. Zamu ya mtu ikifika, mnajificha nyuma ya ile miti ya miwati, mnavua vibovu mnavalisha vizuri, gari inaingia uwanjani imependeza. Jioni mnavua tena.

Na yule mzungu mkaguzi na kijiti chake! Anapiga tairi teke. "Washa taa." Unawasha. "Kwenda, simama." Unaenda hatua chache, unasimama, anaandika imepita, anaenda kunywa chai yake ambayo hanunui kwangu. Sisemi alidanganya. Alichokiona kilikuwa kizuri kweli. Tairi zile zilikuwa zimekaguliwa kuliko tairi yoyote ya Uasin Gishu. Gari ndiyo haikuwahi kukaguliwa hata siku moja.

Sasa tufike pale usipopenda tufike.

Ulikuwa umepita ukaguzi, na kesho yake tulikuwa na harusi ya binamu yetu Kaptagat. Jioni hiyo ulikuwa umelala chini ya gari unafungua breki mpya. Rebeka alisimama hapo na Naomi mgongoni, akakuuliza kwa upole, kwa maana yeye huongea kwa upole hata na mjinga: "Si ungengoja turudi kutoka harusini ndiyo urudishe?" Nawe ukajibu, nilisikia kwa masikio yangu, "Yohana ana zamu kesho. Zamu ni zamu." Mtu wewe! Umdanganye mkaguzi, umdanganye mama mkwe, lakini kwa Yohana ndipo ukapata uaminifu.

Nilikuwa nyuma wakati wa kurudi, nimekaa juu ya mizigo na wanawake wengine wawili. Tuliteremka ule mteremko tukiimba bado nyimbo za harusi. Kisha nikaona kichogo chako kikiruka ruka, unakanyaga, unakanyaga, na gari haisikii. Ukavuta ile hendibreki ya mapambo, ikabaki mkononi. Halafu mlango ukafunguka, na dereva wetu akatoka. Ndiyo, ukaruka, ukabingirika kwa nyasi kama gunia la viazi, na ulipokuwa umeshafika chini salama ndipo ukapiga kelele: "Rebeka, ruka!"

Watu wengine husema ruka, halafu wakaruka. Wewe ulianza na mwisho.

Arukeje? Alikuwa amempakata Naomi. Alijikunja juu ya mtoto, gari ikaacha barabara ikaingia kwenye miwati ya mzungu, na mti ukaingia kupitia ile sakafu uliyotandika gunia. Sisi wa nyuma tulitupwa kwa matawi tukaamka na mikwaruzo. Naomi hakupata hata alama. Goti la Rebeka lilivunjika vibaya, likakataa kurudi mahali pake mpaka leo. Wewe ulipasuka suruali.

Na bado ningekusamehe, haki ya Mungu. Watu huogopa, miguu hukimbia kabla ya kichwa kufikiri. Ila ulikuja hospitalini. Ulisimama kando ya kitanda, kofia mikononi, dada yangu amefungwa mguu wote, anakutazama, anangoja neno moja tu, neno dogo ambalo hata mlevi hulijua. Pole. Ukafungua mdomo ukasema, "Lakini ilikuwa imepita ukaguzi."

Rebeka akageukia ukuta. Wiki hiyo ukaenda Kitale kutafuta kazi. Ulitafuta sana, naona.

Sasa sikiliza habari za hapa. Rebeka anatembea na fimbo. Asubuhi hunisaidia hotelini, hukaa kwa kigoda akigeuza mandazi, kwa maana kusimama kunamchosha. Naomi amekuwa mkubwa, anakimbia vizuri kabisa. Lakini akicheza mchezo wa kuwa mama, anafunga leso kiunoni, anaokota kijiti, anatembea akichechemea. Hafanyi kwa ubaya. Anadhani ndivyo akina mama wote hutembea. Siku ya kwanza nilipomwona nilienda nyuma ya jiko nikalia, na sikulia kwa sababu ya moshi.

Nikuambie pia ukweli ambao hustahili kuusikia. Mzee Barasa alipoondoka juzi, Rebeka alifungua sanduku lake, akatoa kile kitambaa cheupe, akakipiga pasi. Makaa ya pasi nilimtilia mimi, ingawa nyongo ilikuwa imenifika hapa. Ndoa ni yake, si yangu. Nikajiambia labda mtu hubadilika, labda Kitale kuna maji ya kuosha kichwa. Wiki iliyopita nilikuwa nimekuona kwa laini ya ukaguzi, kofia umeivuta mpaka puani ukidhani kofia ni ukuta. Gari aina ile ile, rangi tu ndiyo mpya. Nilikuwa mbali, sikuona tairi.

Leo asubuhi nimeziona. Yohana alikuja na gari yake, zamu yake imefika, akasimama hapo mbele ya hoteli kabisa. Alama ya bluu kwa kila tairi. Rebeka naye ameziona. Ameacha mandazi, amechukua fimbo, ameenda polepole mpaka kwenye gari, ameinama kwa shida, akagusa ile rangi kwa kidole.

"Hizi zilikuwa kwa nani wiki iliyopita?" akauliza.

Yohana akatazama mawingu. "Kwa Zakayo, mama Naomi."

"Na breki?"

"Breki pia."

Basi. Rebeka akarudi kwa kigoda chake. Mandazi mawili yalikuwa yameungua, akayatoa, akaendelea na mengine. Kile kitambaa amekirudisha kwa sanduku, na safari hii hakukikunja vizuri.

Nilimuuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwambie akitaka kuja aje. Lakini aje kwa miguu, kutoka huko Kitale mpaka hapa, nimwone akifika. Gari yake nisiione." Nikamwambia Kitale ni mbali, dada, kwa miguu ni safari ya kumtoa mtu roho. Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Mimi pia kanisani ni mbali," akasema.

Kwa hivyo hiyo ndiyo zamu yako, na mguu hauko kwa gunia la Yohana. Ukiweza, njoo. Chai nitakupa, nimepewa malezi. Usipoweza, kaa huko na chuma yako isiyozeeka, na Mungu awalinde wanaopanda nyuma.

Nimalize na jambo moja, kwa sababu mtoto amesikia tukikutaja tangu asubuhi na maswali hayaishi. Sasa hivi, nikiandika, amesimama hapa na kijiti chake, akaniuliza, "Mama mkubwa, baba naye anachechemea?"

Nikamwambia hapana. Baba aliruka.

Ni mimi,
dada mkubwa wa Rebeka, niliyekuchinjia kuku.